Maji ya Puani na Jicho la Twahir

Jicho lisifunikwe. Naanza na hilo ili mkichoka kunisoma hapa mwanzoni na kwenda zenu, angalau mwende nalo. Mgonjwa akifanyiwa upasuaji wa sainasi kwa kamera inayopitia puani, funikeni kifua, funikeni nywele, lakini macho yake mawili yaachwe wazi, mahali muuguzi anapoyaona na anapoweza kuyagusa.

Mimi naitwa Rukia. Nilikuwa muuguzi wa thieta, yule anayesimama ubavuni mwa daktari na kumpa vyombo, kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, wauguzi vijana. Sasa nimestaafu, nakaa Komarock, nafuga kuku watano wasionisikiliza, na binti wa jirani anayesomea uuguzi huja kwangu kila Jumamosi na maswali yake ya mtihani. Yeye ndiye aliyenichokoza niandike. Aliniuliza jicho linahusiana vipi na pua. Nikamwambia akae chini, nikaweka chai jikoni, na mpaka leo sijamaliza kumjibu.

Sainasi ni vishimo vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso. Vikiziba au kuota vinyama, daktari huingia kupitia tundu la pua na kuvisafisha. Shida ni kwamba kati ya vishimo hivyo na jicho kuna ukuta wa mfupa mwembamba kuliko ganda la yai. Ng'ambo ya ukuta huo kuna mafuta yanayolilaza jicho, misuli inayoligeuza, na nyuma kabisa mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Daktari anafanya kazi ukuta mmoja na jirani, na jirani mwenyewe hapendi wageni.

Nilipoanza, hakukuwa na skrini kubwa kama zenu. Daktari alikuwa anachungulia kwa jicho lake mwenyewe kwenye bomba la kamera, sisi wengine tunabahatisha kutokana na jinsi anavyoguna. Akiguna kifupi, mambo ni sawa. Akinyamaza, unaandaa shashi ya kuzuia damu. Leo mnayo mashine inayoonyesha ncha ya chombo iko wapi kwenye picha ya kichwa, na mimi nikiiona nafurahi kama mtoto. Ila msiiamini kuliko vidole vyenu.

Mwalimu wangu alikuwa Sista Perpetua, mkuu wa wauguzi wa thieta, mama mfupi mwenye sauti ya kuita mtu aliye ghorofa ya tatu. Mimi nilikuwa mpenda unadhifu. Wiki yangu ya kwanza kwenye upasuaji wa sainasi nilimfunika mgonjwa kwa vitambaa vya kijani, nikavikunja pembe, nikaacha pua peke yake inachomoza. Nilirudi nyuma hatua moja kujisifu kimoyomoyo. Sista Perpetua akaja, akaangalia.

"Huyu mtu amekuja na macho mangapi?" akaniuliza.

"Mawili, Sista."

"Na wewe unayaona mangapi?"

Nikaitazama ile pua iliyochomoza peke yake.

"Basi kwako wewe huyu ameshapofuka, na daktari hata hajaanza."

Akavuta kitambaa changu kizuri akakitupa sakafuni, ikabidi nianze upya kunawa, kuvaa na kupanga kila kitu. Nililia chooni siku hiyo. Leo nikimkumbuka namwombea kwa Mungu, kwa sababu kila kitu nilichokuja kukifanya vizuri kilitoka kwenye mdomo wake mkali.

Alinifundisha mambo matatu. La kwanza, weka vidole viwili juu ya kope na ubonyeze jicho taratibu, huku daktari akiangalia ndani ya pua. Kitu kikicheza kule ndani unapobonyeza huku nje, ukuta umetoboka. La pili, usitupe kinachotolewa puani. Kitie kwenye bakuli la maji. Kinyama huzama, mafuta ya jicho huelea. La tatu ni trei ndogo aliyoifunga kwa kitambaa cha njano: dawa ya ganzi, koleo dogo, mkasi mdogo mkali, basi. Kila tulikokwenda na mgonjwa wa sainasi, thieta au wodini, ile trei ilikwenda. Tuliiita trei ya Perpetua, na nyuma ya mgongo wake tuliicheka, kwa maana miaka ilipita tukiibeba na kuirudisha haijafunguliwa. Tulisema Sista anaitembeza kama mtoto asiyekua.

Sasa niwaambie habari za Twahir.

Twahir alikuwa fundi wa ngozi Kariokor. Alikuwa anashona sandali za wanawake, zile za ngozi laini zenye shanga, na asubuhi za mvua alikata akala za tairi kama wenzake. Ujana wake, akikata tairi, waya wa chuma uliruka ukamchoma jicho la kushoto. Tangu hapo jicho hilo lilikuwa linaona mwanga na kivuli tu. Alikuwa amebaki na la kulia. Kwa hilo moja alitunga shanga, alishona, alilisha mke na mabinti watatu.

Sainasi zake zilikuwa zimejaa vinyama, tena upande wa kulia ndio uliozidi. Hakuwa anapata usingizi wala harufu. Kwa fundi wa ngozi kukosa harufu ni hasara, maana ngozi mbaya hujulikana kwa pua kwanza. Daktari Onyancha alimweleza hatari yote, akamwambia wazi kwamba watafanya kazi jirani na jicho lake pekee. Twahir akauliza, "Daktari, mkono wako unatetemeka?" Onyancha akanyoosha mkono. Twahir akautazama kama anayekagua mshono, akasema, "Haya, tufanye."

Upasuaji ulikwenda vizuri kwa muda mrefu. Macho yako wazi, mimi nabonyeza kila mara, trei iko mezani. Daktari akanipa kipande kidogo, nikakitia bakulini. Kikazama nusu, halafu kikapanda juu kikakaa. Kilikuwa cha njano.

Vijana, nawaambia ukweli: nilisita. Daktari alikuwa amezama kwenye kazi, na mimi nani wa kumsimamisha? Lakini nilimsikia Sista Perpetua kichwani, ingawa wakati huo alikuwa ameshastaafu.

"Daktari," nikasema, "kimeelea."

Onyancha akaacha mkono palepale. "Bonyeza jicho."

Nikabonyeza. Kwenye skrini, ambayo miaka hiyo tulikuwa tumeshaipata, kitone cha njano kikacheza. Ukuta ulikuwa umetoboka, tundu dogo kama la msharasi, ile sindano ya Twahir ya kutobolea ngozi. Daktari hakuligusa tena. Wala hatukuijaza pua shashi kwa nguvu, kwa sababu damu ikizuiwa kutoka mbele hutafuta njia ya kwenda kwenye jicho. Tulisubiri, tukakagua mboni, tukakagua ugumu wa jicho, likawa laini kama mwenzake. Alipozinduka nilichukua sandali yake mwenyewe chini ya kitanda, yenye shanga nyekundu, nikamwonyesha.

"Hii rangi gani?"

"Nyekundu," akasema kwa sauti ya usingizi. "Na nyuzi za kisigino zimelegea, nitazirudia."

Ndivyo nilivyowapima wagonjwa wengi. Mshipa wa jicho ukibanwa, nyekundu ndiyo huondoka mapema: hufifia, huwa kahawia, halafu nyeusi. Usimuulize tu mgonjwa kama anaona, maana atasema anaona ili umwache alale.

Siku ya kurudi nyumbani mimi ndiye niliyempa maelekezo. Nilikuwa na maneno yangu niliyoyajua kwa moyo. Usipenge kamasi kabisa, kwa sababu upepo utapita kwenye lile tundu uingie kwenye jicho. Chafya ikija, fungua mdomo. Usiiname, usibebe mizigo, lalia mito miwili. Nikamfanya arudie yote. Mkewe, Bi Mwanahamisi, naye akarudia. Nikawaaga nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, kama siku ile ya vitambaa vya kijani.

Siku ya tatu asubuhi Bi Mwanahamisi alimleta akimshika mkono. Kope za jicho la kulia zilikuwa zimevimba zimefunga.

Nikamkalisha, nikabonyeza kope taratibu. Ngozi ikalia chini ya kidole, ule mlio wa mfuko wa krispi ukiufinya. Huo ni upepo, damu hailii hivyo. Nikalifungua jicho: mboni inaitika mwanga, jicho ni laini, na sandali bado ni nyekundu. Nikashusha pumzi.

"Bwana Twahir, umepenga."

"Wallahi sijapenga."

"Hata kidogo? Asubuhi ukiamka?"

"Sista, nimekuambia sijapenga. Nimeacha kamasi zitiririke kama mtoto wa chekechea, mabinti zangu wananicheka."

Nikamtazama mkewe kwa lile jicho la wanawake wanaojuana. Yeye akaudhika. "Usiniangalie hivyo, dadangu. Nimelala macho namchunga huyu. Hajapenga."

Nilimwamini mke, lakini si kabisa. Nawaambia hivyo kwa aibu. Nilijisemea moyoni kwamba wanaume ni wale wale. Daktari Onyancha naye akafadhaika: kama hajapenga, upepo unatoka wapi? Au kuna damu nyuma inayosukuma? Akaandika picha ya kichwa ipigwe, tukasubiri zamu yetu. Nikaileta trei ya kitambaa cha njano, nikaiweka kwenye kiti kando yake, kwa mazoea tu.

Ikafika adhuhuri. Adhana ikasikika kutoka msikiti ulio upande wa pili wa barabara. Twahir akasimama, akasema anakwenda kutawadha aswali akiwa amekaa, picha ikiitwa nimwite. Karibu na benchi letu kulikuwa na sinki. Akakunja mikono ya shati.

Hapo lazima mnielewe. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Majengo. Nimefundishwa kutawadha kabla sijafundishwa kusoma. Nilisimama hatua tatu kutoka kwake nikimwangalia. Akaosha viganja. Akasukutua. Akachota maji kwa kiganja cha kulia, akayavuta puani mpaka juu, kama marehemu mamake alivyomfundisha, na mimi marehemu mamangu alivyonifundisha, kisha akashika pua kwa mkono wa kushoto akayapuliza nje kwa nguvu. Mara ya kwanza. Akachota tena.

Mara tano kwa siku. Siku tatu. Kila mara kuvuta na kupuliza mara tatu. Na mimi nilimwambia kila kitu isipokuwa hilo.

"Twahir!" nikapiga kelele. Lakini alikuwa ameshapuliza ya pili. Uvimbe ukapanda mbele ya macho yangu, kope zikatuna, jicho likasukumwa mbele. Akashika kingo za sinki.

"Sista," akasema polepole, "mbona mmezima taa?"

Ilikuwa saa sita na nusu mchana na jua limejaa korido nzima.

Nikamkalisha. Nikalazimisha kope kwa vidole viwili. Jicho lilikuwa gumu kama gololi na mboni inaitika kivivu. Nikainua sandali.

"Rangi gani?"

"Sandali gani?" akauliza. Bi Mwanahamisi akaanza kulia, akiita jina la Mungu na la mumewe kwa zamu.

Niwaambie jambo hapa. Jicho lililobanwa namna hiyo halingoji picha. Halingoji zamu, halingoji fomu, halingoji mkuu aliye mkutanoni. Iwe limebanwa na damu au na upepo, mshipa unakosa damu yake na dakika zinahesabika. Nilimwita Onyancha kwa sauti ya Sista Perpetua. Alikuja anakimbia, akanyoosha mkono bila hata kuuliza, na trei ilikuwa palepale kitini.

Ganzi kwenye pembe ya nje ya jicho. Koleo kubana pembe kidogo, damu isije nyingi. Mkasi, mkato mdogo kuelekea sikioni. Kisha kuivuta kope ya chini na kukata ule ukano unaoishikilia kwenye mfupa, mpaka kope iachie. Kinachofanyika hapo si ajabu ya sayansi. Ni kama kulegeza mkanda wa mtu aliyeshiba. Viputo vikatoka pamoja na damu. Nikaweka kidole: jicho limeanza kulainika. Mkono wa Onyancha haukutetemeka.

Tukangoja. Sijawahi kungoja kitu kama nilivyongoja pale. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni nimeshika ile sandali juu kama anayeuza.

"Naona kitu," Twahir akasema.

"Kitu gani?"

"Cheusi." Akasogeza uso. "Kahawia." Halafu, baada ya muda ambao mimi niliuona kama Ramadhani nzima: "Sista, hizo shanga ni zangu. Nyekundu."

Nililia mbele ya mgonjwa, jambo ambalo Sista Perpetua angenifukuzia. Nililia kwa shukrani, na nililia kwa aibu.

Alilazwa siku kadhaa. Pembe ya jicho ikapona, imebaki alama ndogo anayosema inampa sura ya mtu mwenye siri. Onyancha alikaa na familia akawaeleza bila kuzungukazunguka: "Mfupa ulitobolewa na chombo changu." Nikasema na mimi: "Na kuhusu pua nilikueleza nusu."

Twahir akafikiri. "Sista, usijilaumu peke yako. Hata ungeniuliza kama nimeigusa pua, ningeapa sijaigusa. Mkono unakwenda wenyewe. Nimefanya hivyo tangu nina miaka sita, sioni tena kama nafanya."

Maneno hayo yalinifundisha kuliko vitabu. Kumkataza mtu jambo analojua analifanya ni rahisi. Lakini lile ambalo mkono unalifanya wenyewe, utamkatazaje kwa maneno?

Jioni ile nilikwenda kwa ustadhi wa msikiti wetu kumuuliza. Akanieleza kwamba katika madhehebu yetu kupandisha maji puani ni sunna, na anayeogopa kudhurika anaacha, wudhu wake unatimia. Akacheka. "Dini haijamtaka mtu apofuke, Sista. Mbona hamkuja kuuliza mapema?" Nikamwomba aniandikie. Aliniandikia maneno hayo kwenye karatasi kwa mkono wake, nikayabandika wodini.

Tangu siku hiyo niliacha kukariri maelekezo. Nilimwambia kila mgonjwa wa sainasi, awe Mwislamu au asiwe: nionyeshe unavyoosha uso asubuhi. Nionyeshe unavyotawadha. Nionyeshe unavyovuta ugoro, unavyopuliza tarumbeta kanisani, unavyowasha jiko la makaa. Nikawaangalia mikono. Nikaona mambo mengi ajabu, mengine siwezi kuyaandika hapa. Wenzangu walinicheka kama tulivyoicheka trei, nikawaacha wacheke.

Mwaka jana ilikuwa zamu yangu. Sainasi zangu zenyewe, baada ya maisha ya kuvuta hewa ya dawa za thieta, zikafanyiwa kazi katika hospitali ileile. Hakuna aliyenijua, wote ni wapya. Kabla sijalala usingizi wa dawa niliwauliza kama macho yataachwa wazi, daktari kijana akasema, "Kwani kuna namna nyingine?" Nikalala kwa raha.

Siku ya kutoka akaja nesi mdogo, nywele kazisuka vizuri, kalamu sikioni.

"Niaje, shosh. Kabla uende home, nionyeshe venye huwa unatawadha."

Nikatabasamu kwa hilo la shosh, yaani bibi kwa lugha yao ya vijana. Moyo ulinijaa. Nilitaka kumwambia, mjukuu wangu, unajua swali hilo limetoka wapi? Unajua unaongea na nani? Nikasema, "Hiyo naijua sana, mama. Maji puani hapana."

"Najua unajua, shosh. Lakini nionyeshe."

Basi nikajifurahisha kumwonyesha, hewani, bila maji. Nikaosha viganja. Nikasukutua. Nilikuwa namwangalia usoni, nawaza jinsi Sista Perpetua angempenda, na Twahir ambaye mpaka leo ananishonea sandali na kutunga shanga kwa jicho lile lile. Ghafla nikahisi kitu kimeshika kifundo cha mkono wangu.

Ni vidole vyake. Kiganja changu cha kulia kilikuwa kimeshafika puani, nami nilikuwa nimeshaanza kuvuta.

"Hapo, shosh," akasema kwa upole. "Hapo ndipo mkono unapokudanganya."

Nikamwambia ahsante. Kisha nikamwomba asiuachie mkono wangu bado, nianze tena tangu viganja.